Mpikie Mbwa Wako Katika Chungu cha Nyumbani

Katika skimu zetu hapa Isiolo nyumba nyingi zina mbwa. Mbwa ndiye askari wa usiku. Fisi akikaribia zizi la mbuzi, mbwa hubweka. Nyani wakiingia katika mahindi, mbwa huwafukuza. Mwizi akija kuchukua mashine ya maji, mbwa huamsha watu. Lakini ukimwuliza mwenye mbwa, "Je, huyu askari wako, mshahara wake ni nini?" wengi watacheka tu. Mshahara wake ni kile anachookota: ukoko wa ugali, mzoga ulio kando ya barabara, na siku ya kuchinja, mapafu mabichi yaliyotupwa nyuma ya nyumba.

Mwezi huu nataka tuzungumze juu ya mshahara huo. Waweza kumlisha mbwa wako vizuri kutoka chungu kile kile unachowapikia watoto wako, wala huna haja ya kununua chakula cha mbwa dukani. Na jambo hili si la kumhurumia mnyama tu. Ni jambo la kulinda afya ya watoto wako, kama nitakavyoeleza.

KOSA NILILOFANYA MIMI MWENYEWE

Mimi ni karani wa ofisi ya kilimo, na kabla ya kazi hii nilisomea ualimu. Nilijua kufundisha watoto kunawa mikono. Hata hivyo, kila tulipochinja mbuzi nyumbani, mapafu na vipande vibaya vya ini nilimtupia mbwa, kama baba yangu alivyofanya. Niliona ni haki yake.

Siku moja tulikuwa na mgeni, mtu wa idara ya mifugo. Alikuta nimekwisha kumkata mbuzi, na mkononi nina kipande cha ini chenye vifuko vya maji, kimoja kikubwa kama yai la kuku. Mbwa alikuwa mbele yangu akingoja. Mgeni akanishika mkono, akaniuliza, "Mwalimu, watoto wako hucheza na mbwa huyu?" Nikajibu kwamba hucheza naye kila siku. Akasema, "Basi ulikuwa karibu kumpa mbegu za kupanda matumboni mwa watoto wako."

Nilidhani anatia chumvi. Alipokwisha kunieleza, nilichimba shimo jioni ile ile.

NAMNA UGONJWA UNAVYOZUNGUKA

Ugonjwa wenyewe wataalamu huuita hidatidi. Huletwa na mnyoo mdogo wa jamii ya tegu, ambao urefu wake hauzidi punje ya mchele. Safari yake ni hii:

1. Mnyoo huishi katika utumbo wa mbwa. Huenda ikawa minyoo ni maelfu, na mbwa haonyeshi dalili yoyote. Atakula, atabweka, na manyoya yake yatang'aa.

2. Mayai ya mnyoo hutoka na mavi ya mbwa. Hayaonekani kwa macho. Huingia katika majani, katika maji, katika mboga, na hushika manyoya na mdomo wa mbwa mwenyewe.

3. Kondoo, mbuzi, ng'ombe au ngamia akila majani hayo, mayai huanguliwa tumboni mwake, na vifuko vya maji humea katika ini na mapafu.

4. Mnyama akichinjwa au akifa, mbwa akala ini au mapafu hayo mabichi, vilivyomo ndani ya vifuko hugeuka kuwa minyoo katika utumbo wake. Baada ya majuma sita au saba hivi, mbwa huyo ameanza kutoa mayai tena.

Na mtu je? Mtu huingia katika safari hii kwa bahati mbaya. Mtoto humshika mbwa, kisha hula bila kunawa, na kumeza mayai. Vifuko humea katika ini au mapafu yake kama vinavyomea katika mbuzi. Humea polepole sana, kwa miaka mingi, hata mtu asikumbuke aliupata wapi. Baadaye tumbo huvimba na maumivu huanza. Dawa za vidonge zipo, lakini wagonjwa wengi huhitaji kupasuliwa na daktari, na kifuko kikipasuka ndani ya mwili ni hatari kubwa.

Sikiliza vizuri jambo hili, kwa sababu wengi hukosea: mtu hapati ugonjwa huu kwa kula nyama ya mnyama mwenye vifuko. Anaupata kwa mayai yatokayo kwa mbwa. Kwa hiyo mahali pa kuukata ugonjwa ni pale mbwa anapopewa chakula chake.

WENGINE WALIOPATA TAABU HII

Jirani zetu wa Turkana waujua ugonjwa huu kuliko watu wengi duniani. Huko mbwa hukaa karibu sana na watoto wachanga, na ugonjwa ulikuwa mwingi kupita kiasi. Mwaka 1983 shirika la AMREF lilianza kazi ya kupigana nao kaskazini magharibi mwa Turkana. Wagonjwa walitafutwa na kutibiwa, mbwa walipewa dawa, na watu wakafundishwa.

Hata Wazungu wameonja taabu hii. Kisiwa cha Iceland, kilicho mbali kaskazini, ni nchi ya kondoo. Katika karne ya 19 watu wengi huko waliumwa na vifuko hivi. Mwaka 1863 daktari mmoja kutoka Denmark, jina lake Harald Krabbe, alikwenda huko kuchunguza mbwa. Kisha akaandika kijitabu kifupi, na kikagawiwa bure katika nyumba za wakulima tangu mwaka 1864. Kijitabu hicho kiliwaambia wasiwape mbwa viungo vyenye vifuko. Wakulima walisoma, wakaanza kuzika na kuchoma. Sheria zilifuata baadaye, na kidogo kidogo ugonjwa ulipungua, hata ukakoma. Mwanzo wake ulikuwa maneno machache yaliyosomwa na wakulima kama wewe, wakayatii.

Sasa, ukimkataza mbwa nyama mbichi, lazima umpe kitu kingine. Mbwa mwenye njaa hatatii amri ya gazeti. Atakwenda kutafuta mzoga. Katika ukame mkali ulioanza mwaka 2020, mifugo wengi walikufa katika sehemu zetu, na mizoga ilikuwa karamu ya mbwa. Basi tuingie jikoni.

KANUNI TATU ZA CHUNGU

Kanuni ya kwanza: Chakula kibovu kwa mtu ni kibovu kwa mbwa. Usiseme, "Mahindi haya yameota ukungu, haya ni ya mbwa." Ukungu wa mahindi una sumu iitwayo aflatoksini, nayo huharibu ini la mtu na la mbwa pia. Mwaka 2004 watu 125 walikufa kwa sumu hiyo katika nchi yetu, wengi wao sehemu za Makueni na Kitui. Kuichemsha hakuiondoi. Mahindi ya namna hiyo usimpe mtu, wala mbwa, wala kuku.

Kanuni ya pili: Pika kwanza bila chumvi na bila kitunguu. Kitunguu, kiwe kibichi au kimepikwa, huharibu damu ya mbwa, na kitunguu saumu ni vivyo hivyo. Chumvi nyingi na pilipili pia hazimfai. Kwa hiyo chemsha chakula chote pamoja, pakua sehemu ya mbwa, ndipo ukaange kitunguu na kutia chumvi kwa ajili ya watu. Usipokumbuka jambo jingine katika habari hii, kumbuka hili: mbwa apakuliwe kabla ya kitunguu.

Kanuni ya tatu: Mapafu, ini na matumbo yachemshwe nusu saa, na nusu saa hiyo uihesabu tangu maji yaanze kutokota. Usihesabu tangu ulipoweka chungu motoni. Kata vipande vidogo, visizidi kiberiti. Mapafu huelea juu ya maji, kwa hiyo yasukume chini na kufunika chungu. Kuchoma juu ya makaa hakutoshi, kwa maana nje huungua na ndani hubaki bichi.

VYAKULA VITATU

Vipimo hivi ni vya nyumba ya watu sita na mbwa mmoja. Kikombe ni kikombe cha chai cha kawaida.

Githeri. Chukua vikombe 4 vya mahindi makavu, vikombe 2 vya maharagwe, na kipande cha malenge. Loweka mahindi na maharagwe usiku kucha, kisha mwaga maji hayo. Chemsha kwa maji mapya mpaka viwe laini kabisa, kwa maana maharagwe yasiyoiva huumiza tumbo la mtu na la mbwa. Karibu na mwisho tia malenge. Pakua vikombe viwili vya mbwa, uviponde kwa mwiko. Usipoponda, mahindi mazima yatapita tumboni mwake bila kumfaa. Githeri iliyobaki kaangia kitunguu, nyanya na mafuta, tia chumvi, wape watu.

Supu ya matumbo na ugali. Osha matumbo na mapafu ya mnyama aliyekaguliwa na mkaguzi wa nyama. Kata, funika kwa maji, chemsha nusu saa kama nilivyosema, halafu endelea mpaka yalainike. Toa vipande vya mbwa pamoja na kikombe kimoja cha supu, changanya na ugali laini. Supu ya watu utie kitunguu, dania na chumvi. Mapafu, ambayo watoto wengi hawayapendi, yawe fungu la mbwa, lakini yakiwa yameiva.

Omena na mboga. Omena hupatikana sokoni Isiolo, na bei yake si kama bei ya nyama. Osha gramu 250 kwa maji ya moto mara tatu ili kuondoa mchanga na chumvi. Chemsha dakika 15. Katakata majani ya kunde au sukuma wiki, uyachemshe humo humo. Toa konzi mbili kwa mbwa, uchanganye na ugali. Omena iliyobaki ichujwe maji, ikaangwe kwa kitunguu na nyanya.

Angalia kwamba katika kila chakula kuna kitu cha kujenga mwili: maharagwe, nyama au samaki. Ugali mtupu hushibisha mbwa lakini haumtunzi. Mbwa wa ugali mtupu siku zote hukonda, na manyoya yake hufifia. Kama waweza, theluthi moja ya chakula chake iwe nyama, samaki au maharagwe.

KIASI CHA KUMPA

Mbwa wa kawaida wa kijijini, wa kilo 15 hivi, hutosheka na vikombe 3 au 4 vya chakula kilichopikwa kwa siku. Mgawie asubuhi na jioni. Mbwa anayenyonyesha ahitaji mara mbili ya hapo, pengine zaidi. Ukitaka kujua kama kiasi chatosha, pitisha mkono ubavuni mwake. Mbavu uzisikie kwa vidole, lakini usizihesabu kwa macho ukiwa umesimama mbali.

Chakula kipoe kabla ya kumpa. Jua la Isiolo huchachusha chakula upesi, kwa hiyo kinachobaki katika bakuli lake kiondoe siku ile ile. Na maji safi yawepo wakati wote.

VITU VYA KUMNYIMA

Mifupa iliyopikwa usimpe, hasa ya kuku na mbavu za mbuzi. Mfupa uliopikwa huvunjika vipande vikali kama sindano, navyo huchoma koo au utumbo. Faida ya mfupa imekwisha kuingia katika supu. Mpe supu, mfupa uuzike.

Majani ya chai, kahawa, zabibu kavu, chokoleti na pombe ni sumu kwa mbwa. Maziwa mabichi mengi huwaharisha mbwa wengi wakubwa. Na miraa isiachwe ovyo mahali mbwa anapolala, maana huupiga moyo wake mbio.

Viungo vyenye vifuko vya maji usivipike, usivipasue, usivitupe jalalani. Vichome mpaka viwe majivu, au vizike katika shimo lenye kina cha mita moja, na juu yake weka mawe makubwa. Mbwa ni mchimbaji hodari, na shimo la nusu mita kwake ni mchezo.

CHUNGU KIMOJA, LAKINI SI SAHANI MOJA

Niliposema watu na mbwa wale kutoka chungu kimoja, sikusema wale pamoja. Chakula hutoka katika chungu kwa upawa, na upawa haugusi bakuli la mbwa. Bakuli lake likae nje, lioshwe mahali pake, na lisichanganywe na vyombo vya nyumba.

Ndugu zetu Waislamu, ambao ni wengi hapa Isiolo, wana sheria yao juu ya jambo hili tangu zamani. Chombo kilicholambwa na mbwa huoshwa mara saba, na moja katika hizo ni kwa udongo. Tena dini yao yaruhusu mbwa wa kulinda mifugo na shamba. Kwa hiyo haya ninayoyaeleza hayapingani na desturi za nyumba hizo. Mbwa alinde, apewe haki yake, na akae mahali pake.

Watoto nao wafundishwe kunawa kwa sabuni baada ya kumshika mbwa na kabla ya kula. Mbwa asilambe uso wa mtoto. Mboga zinazoliwa mbichi zioshwe vizuri, na bustani iwekewe ua ili mbwa asijisaidie humo.

DAWA YA MINYOO

Chakula kilichopikwa chazuia minyoo mipya, lakini hakiui iliyomo tayari. Mwombe daktari wa mifugo dawa iitwayo prazikwanteli. Si kila dawa ya minyoo huua mnyoo huu, kwa hiyo taja jina hilo. Mahali penye ugonjwa mwingi mbwa hupewa dawa kila baada ya majuma sita, lakini yeye atakueleza ratiba inayofaa kwako. Siku hiyo na siku chache zinazofuata mfunge mbwa, na mavi yake uyazike au uyachome, kwa maana dawa huua minyoo lakini haiui mayai. Katika safari hiyo hiyo mwulize daktari juu ya chanjo ya kichaa cha mbwa, ambayo hurudiwa kila mwaka. Serikali yetu mwaka 2014 ilijiwekea lengo kwamba ifikapo mwaka 2030 asife mtu tena kwa kichaa kiletwacho na mbwa, na lengo hilo halitatimia pasipo sisi wenye mbwa.

"LAKINI CHAKULA CHENYEWE HAKITOSHI"

Najua kuna msomaji anayesema, "Karani huyu hajui njaa. Watoto wangu hawajashiba, nami nimpikie mbwa?" Swali hilo ni la haki, na sitalikwepa.

Mtoto hula kwanza. Hakuna atakayekushauri vingine. Lakini fanya hesabu hii. Siku ya kuchinja, mapafu yale ungeyatupa. Kuyachemsha kwakugharimu kuni za nusu saa, na moto ulikuwa unawaka tayari kwa supu ya watoto. Ukoko wa ugali ungeoshwa na kumwagwa, nao ukilowekwa katika supu ni chakula. Maganda ya malenge yaliyochemshwa vizuri ni chakula. Kama hata hivyo huwezi kumlisha mbwa wa pili na wa tatu, basi usifuge wa pili na wa tatu. Mbwa mmoja aliyeshiba hukaa nyumbani na kulinda. Mbwa watatu wenye njaa huzurura usiku, hula mizoga, na kukuletea mlangoni kile walichokiokota.

Kisha weka upande wa pili wa hesabu mtoto mmoja apelekwe hospitali ya mbali kupasuliwa, nauli, majuma ya kukaa huko, na shamba lisilo na mtu wa kufungua maji. Kinga ni bora kuliko kuponya.

Basi, ndugu mkulima, wa Merti, wa Gafarsa, wa Malka Daka, wa Kinna, wa Rapsu na popote ulipo, leo jioni fanya mambo mawili tu. Kwanza, tafuta bakuli kuukuu, ulitenge liwe la mbwa. Pili, mwambie anayepika nyumbani maneno haya: "Mpakulie mbwa kabla ya kitunguu." Na siku utakayochinja, shimo liwe limechimbwa kabla kisu hakijanolewa.

Mimi nyumbani kwangu shimo lipo, na bakuli lipo. Mbwa wangu amezeeka sasa, na bado hubweka fisi akipita. Jioni watoto humpelekea chakula chake, kisha bila kuambiwa huenda kwenye debe la maji kunawa mikono.